Baraza la Ngurdoto Lililosahau Majirani

Wanyama wa msitu wa Meru waliitana barazani kwenye ukingo wa kreta ya Ngurdoto, na ajenda ilikuwa moja tu: Chui anakwisha.

Chui mwenyewe hakuhudhuria. Alikuwa amelala upande wa juu wa maziwa ya Momella, chini ya mzeituni pori, akilamba mguu wa mbele uliokatwa na waya. Taarifa yake ilisomwa na Hondohondo, katibu wa baraza. Ilisema chui wawili wamekufa baada ya kula mzoga wa mbuzi uliotiwa sumu, mmoja amenasa kwenye tanzi akaponea chupuchupu, na msitu unaowaficha unaliwa na shoka kutoka chini kwenda juu, mti kwa mti.

Nyati, mwenyekiti, akapiga kwato. "Ndugu wajumbe, adui mmemsikia. Mbuzi aliyetiwa sumu katoka kijijini. Waya umetoka kijijini. Shoka limetoka kijijini. Napendekeza maazimio matatu. Moja, mpaka upimwe upya na kila hatua iwekwe jiwe. Pili, Twiga apande kilimani awe mlinzi, kwa kuwa ndiye anayeona mbali. Tatu, mbuzi, punda au mbwa yeyote atakayevuka atozwe faini."

Makofi yakavuma kretani. Hakuna aliyeuliza tanzi lilitegwa wapi, na nani, na kwa nini.

Mbega mzee akashuka tawi moja. Manyoya yake meupe yalikuwa yamekwisha kuwa ya kijivu, na wajumbe wakamnyamazia kwa heshima.

"Shikamoo, babu," wakasema vijana.

"Marahaba, wanangu. Mwenyekiti, nina neno kuhusu huo mpaka. Sisi mbega hatuhamihami. Habari ninayoitoa nimeirithi kwenye mti ule ule ninaolala. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru kwa nguvu kutoka Ngarenanyuki na Leguruki, watu wapatao 3,000. Nyumba zao zilichomwa, na ardhi ikatengwa kwa walowezi wa Kizungu wafuge ng'ombe. Mwaka 1952 Kirilo Japhet alisafiri mpaka New York akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, akaeleza waliyotendewa watu wake. Kisha mwaka 1960 hapa tulipokaa pakawa hifadhi. Mwaka 1962 yakaongezwa maziwa ya Momella, na mwaka 1967 ukaongezwa Mlima Meru, ikawa Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Sisi tulinufaika, na mimi nashukuru kwamba mti wangu bado umesimama. Lakini mjukuu wa mtu aliyechomewa nyumba, akiona jiwe la mpaka linasogezwa, hasikii habari za chui. Anasikia habari za kufukuzwa. Mwenye kovu usidhani kapoa."

"Tumekusikia, mzee," akasema Nyati, "lakini historia haikamati jangili. Muda wetu umekwisha." Maazimio yakapita.

*

Mawe yakawekwa. Twiga akapanda kilimani, na kweli aliona mbali: aliona theluji ya Kilimanjaro alfajiri, aliona mabati ya nyumba yakimetameta, aliona magari ya watalii yakitoka Usa River kupanda lango la Ngongongare. Asichoweza kuona ni waya uliolazwa chini ya majani, kwenye njia ya nguruwe pori.

Huko kijijini, kwenye kihamba cha migomba na kahawa, Mama Mbuzi aliuona. Aliupitia kila siku akipelekwa kunywa maji. Alijua ulitegwa na kijana wa nyumba ya tatu, na alijua sababu yake: nguruwe pori na nyani waliingia shambani mahindi yakiwa mabichi, wakamaliza robo ya shamba kwa usiku mmoja, na mama yake yule kijana alikaa kwenye tuta akalia. Kijana hakuwa na ugomvi na chui. Alikuwa na ugomvi na njaa.

Mama Mbuzi alikuwa na msiba wake pia. Watoto wake wawili walichukuliwa usiku, kwa kuwa banda lao lilikuwa la fito zilizooza. Asubuhi mwenye banda aliupaka dawa mzoga uliobaki, akautupa pembeni mwa msitu. Mama Mbuzi alitazama, akanyamaza.

Mbwa alijua la kwake. Usiku wa pili baada ya kila chui kufa, pikipiki ilipanda kutoka barabara kuu bila taa, mtu akashuka na gunia, akaondoka na ngozi. Mbwa alimbwekea mara zote. Aliifahamu harufu ya mtu yule, na mlio wa pikipiki yake, na mti anaosimama chini yake.

"Ndugu yangu, kwa nini hukwenda kuwaambia wa msituni?" Punda akamwuliza.

"Nimwambie nani?" Mbwa akajibu. "Nikivuka lile jiwe natozwa faini kabla sijafungua mdomo. Wewe mwenyewe juzi uliokota kuni zilizokauka, ukarudishwa na fimbo. Aliyekufa si ndugu yao peke yao. Mto unaotoka kwenye msitu ule ndio ninaounywa mimi. Lakini hawajaniuliza."

Basi elimu yote iliyoweza kumwokoa Chui ilikuwa imelala vihambani, chini ya migomba, haina wa kuiuliza. Juu kilimani Twiga alikuwa macho usiku na mchana, na Chui aliendelea kufa.

*

Habari zikafika kwa wafadhili wa baraza, nao wakaandika barua: wanataka kuona majirani wameshirikishwa. Hondohondo akalishika jambo hilo kwa mbawa zote mbili. Akaandaa warsha katika ukumbi mkubwa wa jijini Arusha, mwendo wa dakika chache kutoka Mnara wa Saa. Kijiji kikaambiwa kitoe mjumbe mmoja, na kwa kuwa muda ulikuwa mfupi akachukuliwa Jogoo, kwa sababu alikuwa karibu na barabara.

Jogoo alisafiri kwenye tenga. Alipofika akapewa kalamu, akaweka alama ya ukucha kwenye karatasi ya mahudhurio. Akapewa fulana iliyoandikwa kaulimbiu, chakula cha mchana, na posho ya kikao. Mkakati wa baraza ulisomwa kuanzia saa nne hadi saa nane. Ulikuwa umekwisha kuchapishwa na kujaladiwa, na ndani yake mlikuwa na mpaka ule ule, Twiga yule yule na faini zile zile. Mwishoni Hondohondo aliuliza kama kuna maswali. Jogoo aliinua bawa, lakini mpiga picha alikuwa ameshawapanga wajumbe mstari.

Jioni kijiji kizima kikamzunguka. "Wamesemaje, kaka?"

"Wamesema tumeshirikishwa," Jogoo akajibu.

"Banda la Mama Mbuzi je? Mahindi? Kuni? Maji?"

Jogoo akatazama fulana yake. Hakuwa na la kuongeza, kwa kuwa hakuulizwa neno, na hakuna neno lake lililoandikwa. Picha yake ilitoka kwenye jalada la ripoti ya mwaka. Mwezi huo huo chui jike alikufa kwa sumu pamoja na watoto wake, hatua chache kutoka kwenye jiwe la mpaka.

*

Zikaja mvua za vuli. Kumbikumbi wakaruka, na nyuma yao wakaja kozi wadogo wa Amur, kundi kwa kundi, wakiwa njiani kwenda kusini mwa Afrika. Kozi mmoja akatua kwenye mti wa Mbega, akashangaa kuukuta msitu umenuna.

"Kuna nini, babu?"

Mbega akamweleza yote, tangu kretani hadi warsha. Kozi akasikiliza mpaka mwisho. Siku ya tatu Mbega akalazimisha baraza la dharura, akasema, "Leo atasema mgeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

"Nimezaliwa bonde la mto Amur," Kozi akaanza, "kule Urusi inapopakana na China. Kwenye misitu yetu anaishi chui milia, mkubwa kuliko Chui wenu mara kadhaa. Babu zetu walisimulia kwamba aliwindwa mpaka wakabaki makumi machache, na mwaka 1947 Warusi wakapiga marufuku kumwinda. Kwa hiyo msinisikie vibaya: sheria ni ya lazima, na mlinzi ni wa lazima. Lakini kila mwaka navuka India nikija kwenu, na huko nimejifunza kwamba mlinzi peke yake hatoshi.

"India wana hifadhi iitwayo Sariska, jimbo la Rajasthan. Ilikuwa na mpaka, ilikuwa na walinzi, ilikuwa na jina kwenye ramani. Mwaka 2005 walipohesabu kwa makini waligundua hakuna hata chui milia mmoja. Majangili walikuwa wamewamaliza, na vijijini ndani na kando ya hifadhi hapakuwa na sababu ya mtu kupiga yowe. Serikali ya India ikaunda kamati chini ya Sunita Narain, nayo ikasema wazi kwamba chui milia hatapona huku mtu anayeishi naye akiumia. Ilibidi mwaka 2008 waanze kuletewa chui milia kutoka hifadhi nyingine.

"Sasa sikieni habari za Nepal. Huko sheria inaruhusu asilimia 30 hadi 50 ya mapato ya hifadhi irudi kwa jamii zinazoizunguka, na kamati za wanavijiji hukaa zikapanga fedha hizo zifanye nini. Wana askari pia, tena wengi. Mwaka 2009 walihesabu chui milia 121. Mwaka 2022 walihesabu 355. Sisemi kwamba kilio kimekwisha. Chui milia wakiongezeka huua watu, na kuna nyumba zenye matanga Nepal hivi leo. Ndiyo maana kikao na wanavijiji hakiwezi kuwa cha siku moja.

"Na hili la mwisho ni la kwangu mwenyewe. Kila Oktoba tunapumzika kwenye bwawa la Doyang, jimbo la Nagaland, kaskazini mashariki mwa India. Mwaka 2012 watu wa huko walitutegea nyavu, wakatuua kwa makumi ya maelfu, wakatuuza. Dunia ilipiga kelele, na ingekuwa rahisi kuwapelekea askari tu. Lakini wazee wa Pangti na wa vijiji jirani wakakaa kitako na watu wa uhifadhi na wa kanisa, na mabaraza ya vijiji yenyewe yakapitisha marufuku na faini. Mwaka 2013 nyavu hazikutegwa tena. Watu waliotuua ndio wanaotulinda, na mimi ninayesema nanyi nimepita mikononi mwao salama."

Kreta ikawa kimya. Nyati akainamisha pembe, akakumbuka neno la Mbega alilolikata. "Babu," akasema, "tuwaite majirani waje hapa?"

"La, mwanangu. Kilio huanza kwa mfiwa. Sisi ndio twende."

*

Baraza la pili likafanyika kijijini, chini ya mringaringa, siku ambayo si ya soko na saa ambayo majani ya ng'ombe yameshakatwa. Hapakuwa na fulana wala karatasi ya mahudhurio. Nyati akasimama mbele ya watu wote, akasema, "Tuliwaita adui kabla hatujawauliza jina. Leo tumekuja kusikiliza. Mama, anza wewe."

Mama Mbuzi hakupamba maneno. "Nina mambo manne. La kwanza ni banda. Wanadamu wana kifuta jasho, mwenye mali iliyoharibiwa na mnyama hupewa kitu. Lakini mimi sitaki jasho lifutwe baada ya mwanangu kuliwa, nataka asiliwe."

Mbwa akamdaka maneno. "Mbwa wa wachungaji wa Simanjiro wamenieleza mnadani kwamba kule Loibor Siret maboma yamezungushiwa uzio hai: nguzo ni miti inayochipua ikaota, na katikati umepigwa wavu wa waya. Simba anazunguka usiku kucha, hapati pa kupita. Asubuhi ng'ombe yu hai, na simba yu hai."

"La pili," Mama Mbuzi akaendelea, "ni kuni kavu na majani, kwa siku zilizopangwa, kwa kibali kinachotolewa na kijiji chenyewe. La tatu ni fedha. Wageni wanapanda mlima huu kutoka kila pembe ya dunia. Nataka tujue kiasi gani kimeingia, na sehemu yetu isomwe hadharani kwenye mkutano wa kijiji. La nne ndilo kubwa. Mnatupa darasa, mnatupa zahanati, na tunashukuru. Lakini mnapoamua habari za msitu tunakuwa nje. Nataka kiti barazani, na kura."

Nyati akatazama wajumbe wake. Hondohondo akasema kwa wasiwasi, "Wakipewa kura wataumaliza msitu."

Hapo Punda, ambaye tangu azaliwe hajawahi kuombwa maoni, akapiga hatua mbele.

"Mimi nimenunuliwa Babati, na haya nimesimuliwa na mama yangu aliyekuwa akibeba mizigo kando ya msitu wa Duru-Haitemba. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 serikali ilitaka msitu ule wa miombo, hekta zipatazo 9,000, uwe hifadhi yake. Watu waliposikia utafungwa, waliingia kukata haraka kabla mlango haujafungwa. Hivyo ndivyo mpaka wa kulazimishwa unavyofanya kazi. Mwaka 1994 wakajaribu njia nyingine: vijiji vinane vyenyewe vikakabidhiwa ulinzi. Kila kijiji kikapima kipande chake, kikatunga sheria ndogo, kikateua vijana wake walinde. Wakapiga marufuku mkaa na kufyeka mashamba msituni. Waliokuwa wakikata ndio wakawa wanakamata, na msitu ukaanza kupona. Na Babati wakati ule ilikuwa ndani ya mkoa huu huu wa Arusha. Bwana Katibu, hukuhitaji barua ya kutoka mbali. Ungeniuliza mimi niliyebeba mikoba yako."

Hondohondo akafunga mdomo wake mkubwa, na kwa mara ya kwanza akaandika alichosikia badala ya alichotayarisha.

*

Makubaliano yakawekwa. Banda la kwanza kuzungushiwa uzio hai lilikuwa la Mama Mbuzi. Vijana wa kijiji wakachaguliwa kuwa walinzi, na yule kijana wa nyumba ya tatu akawa wa kwanza wao. Kwa juma moja walikusanya waya ambao Twiga asingeuona kwa miaka kumi, kwa sababu waliokuwa wakiutega ndio waliouokota. Usiku pikipiki ilipopanda bila taa, Mbwa alibweka, na safari hii kijiji kizima kiliamka. Mtu wa gunia alikabidhiwa kwa wenye sheria pamoja na gunia lake.

Chui akarudi kuwinda nyani na nguruwe pori kama alivyoumbwa, na wenye mahindi wakaanza kuona faida yake. Si kwamba shida zilikwisha. Mwaka wa pili alichukua mbuzi mmoja aliyesahaulika nje, na maneno makali yalisemwa kwenye mkutano. Lakini yalisemwa kwenye mkutano. Hakuna aliyekwenda kuchukua sumu.

Hekaya yangu imeishia hapo, nawe msomaji unawajua hawa wanyama wote. Umeshakaa nao kwenye vikao. Mlima Meru hauna chui milia, lakini una chui, na mito ya Themi na Naura inayopita jijini Arusha huanzia kwenye msitu anaojificha. Mtu wa Sakina na mtu wa Njiro wanaokunywa maji ya mlima huu wanamdai mkulima wa Leguruki ulinzi, na yeye anawadai haki yake.

Milango ya kisheria ipo. Sera ya Wanyamapori ya mwaka 1998 ilikubali kwamba wananchi wanaoishi na wanyama lazima wanufaike, na kanuni za mwaka 2002 zikaruhusu vijiji kuanzisha maeneo yao ya hifadhi. Enduimet, wilayani Longido, kaskazini mwa mlima huu, ni mojawapo. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kumiliki na kulinda msitu wake, na kuingia ubia na serikali kulinda misitu ya serikali. Kinachopungua mara nyingi ni utashi wa kumpa jirani kura na daftari la mapato, badala ya fulana na posho.

Kwa hiyo nawaomba wanaohusika na misitu na wanyama wa Meru, wa serikali na wa mashirika: kikao kijacho kifanyieni kijijini, kabla mkakati haujachapishwa. Waulizeni wachunga mbuzi na waokota kuni kwanza, andikeni wanachosema, na mapato yasomwe mbele yao. Nanyi wanakijiji, mkiitwa kuweka sahihi kwenye karatasi ya mahudhurio, ulizeni kwanza kitakachoamuliwa siku hiyo, na kama kura yenu itahesabiwa. Wakishindwa kuwajibu, msiweke sahihi.